Vali ya Moyo kwa Wazee: Kutoka Kisu hadi Katheta

Vali ya aota ni mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini. Uzeeni madini ya chokaa huweza kuigandia, ikakakamaa na tundu lake likasinyaa. Mgonjwa huishiwa pumzi, huumwa kifua au huzirai ghafla. Dalili hizo zikishatokea, wengi wasiotibiwa hufariki ndani ya miaka michache, na hakuna kidonge kinachoweza kuifungua tena vali hiyo.

Tiba ya kwanza ilikuwa kisu. Mwaka 1953 John Gibbon alifanikiwa, mjini Philadelphia, kumpasua mgonjwa huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Mwaka 1960 vali bandia zikaanza kupandikizwa ndani ya moyo. Lakini upasuaji huo hutaka mfupa wa kidari ukatwe kwa msumeno na moyo usimamishwe. Kwa mzee mwenye figo na mapafu dhaifu, jeraha hilo liliogopwa kuliko ugonjwa wenyewe, na kwa miaka mingi waliopita 70 au 75 walirudishwa nyumbani bila tiba.

Alain Cribier, daktari wa moyo wa Rouen, Ufaransa, hakuliridhia jambo hilo. Mwaka 1985 alimtibu mwanamke wa miaka 72 ambaye wapasuaji walimkataa kwa sababu ya umri: alipitisha puto jembamba kwa katheta, yaani mrija mwembamba, ndani ya mshipa hadi kwenye vali, akalijaza, tundu likapanuka. Nafuu ilikuja upesi, lakini kwa wagonjwa wengi vali ilisinyaa tena baada ya miezi kadhaa.

Ilibidi kiachwe humo kitu cha kuizuia isijifunge. Henning Rud Andersen wa Denmark alijaribu vali ya namna hiyo kwa nguruwe mwaka 1989. Ya Cribier ilikuwa na vipande vitatu vya utando wa moyo wa ng'ombe vilivyoshonwa ndani ya wavu wa chuma, vikakunjwa juu ya puto. Tarehe 16 Aprili 2002 aliiweka kwa mtu wa miaka 57 aliyekuwa mahututi. Mishipa ya ateri ya miguu ilikuwa imeziba, kwa hiyo alipitia vena ya kinenani na kutoboa ukuta unaotenga vyumba vya juu vya moyo. Moyo ulipata nguvu. Mgonjwa alifariki miezi minne baadaye kwa matatizo mengine.

Ushahidi mzito ulitolewa mwaka 2010, katika utafiti wa wagonjwa 358 wasioweza kupasuliwa, wenye wastani wa miaka 83. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 50.7 ya waliopewa matibabu ya kawaida walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 30.7 ya waliowekewa vali kwa katheta, ingawa hawa walipata kiharusi zaidi.

Siku hizi madaktari hupima mwendo wa mzee, figo zake na kumbukumbu zake kabla ya kuamua. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 uliwapendekezea katheta wagonjwa kuanzia miaka 75, umri uleule uliowahi kuwanyima tiba.