Umiliki wa Umma na Mamlaka ya Wafanyakazi Tanzania: Kutoka Mwongozo wa 1971 hadi Azimio la Musoma la 1974

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, hakuujenga ujamaa wake juu ya mapambano ya kitabaka. Azimio la Arusha la 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa dola. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulipokemea kiburi cha viongozi, wafanyakazi waliuchukulia kuwa silaha yao. Mwaka 1973, wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa na kukiendesha wenyewe. Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma liliunganisha elimu na kazi, lakini kijana aliyetaka kuingia chuo kikuu alihitaji kwanza pendekezo la mwajiri na la Chama. Hivyo, mageuzi yalibadili mmiliki bila kumpa mfanyakazi mamlaka.