Mtoto Asiye Kiziwi Wala Bubu

Mdogo wangu husikia mvua ikiwa bado iko msituni, kabla haijafika kwetu Shinyalu. Yeye ndiye hutuambia tuanue nguo: anakuvuta mkono, anaonyesha kamba. Kwa hivyo siku mama alipompeleka kupimwa, akiwa na miaka mitano, akarudi na karatasi ya kusema apelekwe shule ya viziwi, hatukujua tucheke au tulie.

Kukhu alikuwa na dawa yake: akatwe ule uzi ulio chini ya ulimi. Mama akakataa. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imeisha, sina kazi ila kuandika vijimakala. Nikaanza kusoma ili nijue nani alikosea.

Nikakuta kosa lenyewe lina historia. Hapa kwetu elimu maalum ilianza na shule, kila shule na aina yake ya ulemavu. Mumias, katika kaunti hii yetu, ilipata shule ya viziwi mwaka wa 1961, kati ya zile za kwanza nchini. Ilikuwa hatua kubwa. Mwaka wa 1984 serikali, kwa msaada wa Denmark, ikaanzisha vituo vya kupima watoto, na mwaka wa 1986 ikaja KISE, taasisi ya kufundisha walimu wa elimu maalum. Mtoto anapimwa, halafu anatafutiwa shule. Sasa yule anayesikia, anayeelewa kila kitu, ila mdomo haumtii, aende wapi? Hakuwa na shule yake, basi akapewa ya mwenzake.

Hata Uingereza walichelewa kumtambua. Ni mwaka wa 1954 ambapo Muriel Morley na wenzake kule Newcastle waliandika kuhusu watoto wa aina hii. Leo wataalamu hutofautisha mambo mawili. Misuli ya usemi ikiwa dhaifu au imekakamaa, hiyo ni disathria. Misuli ikiwa mizima lakini ubongo unashindwa kupanga miendo ya ulimi na midomo, hiyo ni apraksia. Kukata uzi hakuponyi hata moja.

Sisi tulingoja zaidi. Shahada ya tiba ya usemi ilianza Makerere mwaka wa 2008, mimi nikiwa darasa la pili.

Mtaalamu tuliyempata hatimaye alisomea huko Kampala. Kila wiki mbili ilikuwa boda hadi Khayega, kisha matatu hadi Kakamega mjini. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na kioo. Apraksia, alituambia, inataka mazoezi mafupi, kila siku: mtoto akutazame mdomo, mseme pamoja, kisha aseme peke yake. "Ma", hata mara mia. Na tutumie lugha ya nyumbani, si Kiingereza cha shule.

"Mama" lilikuja baada ya miezi minne. Midomo ikikutana, kioo kinaonyesha. Lakini "Kukhu" linatoka nyuma ya kinywa, mahali ambapo kioo hakifiki. Kukhu analijua hilo. Kila jioni anaketi mbele ya mjukuu wake, anafungua kinywa chenye meno matatu, analitamka jina lake mwenyewe polepole.

Bado anangoja.