Nakala Chafu na Nakala Safi: Ulanguzi wa Pichadithi na Historia ya Usomaji mjini Molo

Mhakiki wa fasihi hukutana na maandishi yakiwa yamekwisha kufika mezani pake. Ni nadra kwake kuuliza yamefikaje, nani aliyeyahifadhi, nani aliyeyauza, na kwa nini mengine hayakufika. Kuhusu tenzi za kale swali hilo limewahi kuulizwa, na majibu yake yamo katika majina yanayofahamika kwa kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili: Taylor, Werner, Hichens, Allen. Kuhusu hadithi zinazosimuliwa kwa picha na maneno kwa pamoja, swali lenyewe bado ni geni. Makala haya yanakusudia kuliuliza. Yataanzia mahali padogo, yaani vibanda vya vitabu vikuukuu vya mji wa Molo, kisha yataangalia jinsi biashara ya wakusanyaji inavyoamua, bila idhini ya mhakiki yeyote, ni matini zipi zitakazokuwa na historia.

Tutatumia neno pichadithi kwa utanzu huu. Neno hilo si letu. Lilikuwa jina la mfululizo ulioongozwa na Terry Hirst na kutolewa na Kul Graphics, Nairobi, katika miaka ya 1980. Ingawa matoleo tunayoyafahamu ni ya Kiingereza, jina lenyewe linaunganisha maneno mawili ya Kiswahili kwa namna inayoeleza utanzu huu vizuri kuliko katuni au vibonzo. Wachuuzi wa Molo husema komiki, nasi hatuna ugomvi nao.

Nakala iliyosomwa hadi ikachanika

Kati ya mwaka 1968 na 1972 kampuni ya Drum ya Afrika Kusini ilitoa jarida la African Film, ambalo shujaa wake, mpelelezi Lance Spearman, aliigizwa na Jore Mkwanazi. Hadithi zake hazikuchorwa bali zilipigwa picha, na maneno yakawekwa juu ya picha kama yanavyowekwa katika vibonzo. Jarida hili lilisambazwa Afrika Magharibi na Afrika Mashariki pia, na athari yake ilionekana upesi. Huko Tanzania Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake ya upelelezi Simu ya Kifo ilikuwa imetoka mwaka 1965, alianzisha Film Tanzania, jarida la hadithi za picha kwa Kiswahili. Mjini Nairobi, mwaka 1973, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Joe, jarida la mwananchi wa kawaida anayecheka ili asilie. Ng'weno aliliacha mapema na mwaka 1975 akaanzisha The Weekly Review. Joe lenyewe liliendelea hadi mwaka 1979. Kando ya hayo yote alikuwapo Juha Kalulu wa Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo, na baadaye likaja jarida la Sani huko Dar es Salaam.

Orodha hii tunaipita haraka kwa sababu tunachokitafuta si historia ya wachoraji bali ya nakala. Nakala moja iliishije baada ya kununuliwa? Wazee waliosoma katika shule za bweni za Bonde la Ufa enzi hizo husimulia kwamba toleo la Spearman halikuwa na mwenyewe. Lilinunuliwa na mmoja, likasomwa na bweni zima, likarudi nyumbani likizo ikifika, likapita kwa ndugu na majirani, na mwishowe likaishia dukani kwa mchuuzi. Mwandishi wa makala haya alilisoma Joe kwa mara ya kwanza mjini Molo miaka zaidi ya kumi baada ya jarida hilo kufa. Mchuuzi wa wakati huo alikuwa na kanuni moja tu: leta mbili, chukua moja. Aliyekuwa hana mbili alilipa kidogo na kusoma papo hapo, akiwa ameketi juu ya kreti ya soda, na kurudisha kabla ya giza kuingia.

Katika mfumo huo faida ya mchuuzi ilitegemea msomaji kuisoma nakala na kuirudisha. Kadiri ilivyopita mikono mingi, ndivyo ilivyompa kipato. Kuchakaa hakukuwa hasara bali alama ya kazi iliyofanyika. Nakala zenyewe zilikuwa zimejaa maandishi mengine: majina ya waliozimiliki kwa zamu, hesabu za kugawanya pembezoni, tafsiri za maneno magumu ya Kiingereza kwa Kiswahili na kwa Kikuyu, na mara nyingine jibu la kejeli lililoandikwa kwa kalamu karibu na kiputo cha maneno ya mhusika. Mtafiti wa upokezi wa fasihi angeweza kuandika tasnifu nzima juu ya pembezo hizo.

Nakala nyingi za aina hiyo hazipo tena. Karatasi haipatani na ukungu wa Molo. Hazikuuawa na unyevu peke yake, hata hivyo. Katika mapigano ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu wa Molo na viunga vyake walihama makwao, na nyumba nyingi ziliteketezwa. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, blanketi na, akijaliwa, hati ya shamba. Habebi sanduku la majarida. Tunalitaja jambo hili kwa ufupi kwa kuwa lina uzito unaozidi mada yetu, lakini asiyelikumbuka hawezi kueleza kwa nini kilichosalia Molo ni kidogo kiasi hiki, wala kwa nini kina bei.

Kufika kwa mlanguzi

Neno mlanguzi lina historia chungu katika Kiswahili. Huko Tanzania, mwaka 1983, serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na tangu hapo neno hilo limebeba picha ya mtu anayeficha sukari huku majirani wakiitafuta. Je, ni halali kumwita hivyo anayeficha pichadithi?

Mfano mkubwa uko Marekani. Jarida la Action Comics nambari 1, lililomleta Superman mwaka 1938, liliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Sababu ya bei hiyo ni kwamba nakala karibu zote zilisomwa na watoto, zikatupwa, au zikatolewa katika kampeni za kukusanya karatasi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu waliosikia habari za bei hizo walianza kununua matoleo mapya kwa lengo la kuyaweka tu. X-Men nambari 1 ya mwaka 1991, yenye majalada kadhaa tofauti, ilichapishwa na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 8. Toleo la kifo cha Superman la mwaka 1992 liliuzwa likiwa limefungwa ndani ya mfuko mweusi, na wanunuzi wengi walichukua mbili: moja ya kusoma na moja ya kutofunguliwa kamwe. Kitu kilichohifadhiwa na kila mtu hakiwezi kuadimika. Soko likaporomoka, maduka mengi yakafungwa, na mwishoni mwa mwaka 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Mlanguzi wa Marekani alijaribu kutengeneza uadimu, akashindwa. Mlanguzi wa kwetu hakuwa na haja ya kuutengeneza, kwani aliukuta. Uadimu wa Spearman na wa Joe ulitengenezwa na wasomaji kwa vidole vyao, na na wale waliochoma nyumba. Anachouza leo ni matokeo ya usomaji ambao yeye mwenyewe anauzuia.

Anauzuia kwa namna hii. Mwandishi alihitaji kurasa chache za toleo moja la Joe kwa ajili ya semina ya uzamili. Alilikuta kwa mchuuzi mmoja wa Molo, limefungwa ndani ya plastiki na kubandikwa utepe. Bei yake ilitosha kununua gunia la viazi, na katika Molo hicho si kipimo cha mzaha. Mwandishi aliomba kulifungua kabla ya kulipa.

"Mwalimu, ukilifungua limeshuka bei."

"Sasa nitajuaje ndani kuna nini?"

"Ndani ni kulekule, mwalimu. Watu wanaangalia jalada."

Mchuuzi huyo si mtu mbaya, na alieleza biashara yake bila kificho. Picha ya jalada hutumwa kwa simu. Mnunuzi yuko Nairobi, na mara nyingine yuko nje ya nchi. Huuliza kama kuna maandishi ya kalamu, kama pini zina kutu, kama ni toleo la kwanza. Hajapata kuuliza hadithi inahusu nini. Nakala yenye jina la mtoto huitwa chafu, na hushushwa bei au husuguliwa kwa kifutio hadi jina lififie. Yaani zile pembezo tulizozitaja, ambazo kwa mtafiti ndizo hazina, kwa soko hili ni doa.

Baadhi ya wanafunzi wetu hufananisha biashara hii na ile ya madalali wa viazi. Ulinganisho huo ni wa kuvutia lakini una kasoro. Dalali anayemlazimisha mkulima kujaza gunia la lumbesa anamdhulumu, hilo halina ubishi. Lakini viazi huoza, na kwa hiyo hata dalali mwenye roho ngumu kuliko wote hana budi kuvifikisha kwa mlaji. Thamani ya matumizi humfunga mkono. Pichadithi iliyofungwa ndani ya plastiki haiozi, na hupanda bei kwa sababu hasa haijaliwa. Hapa thamani ya kubadilishana imejitenga na thamani ya matumizi kiasi kwamba matumizi yamekuwa uharibifu.

Soko linapoandika historia ya fasihi

Pamoja na hayo, itakuwa unafiki kumlaumu mlanguzi peke yake. Kabla hajafika, jarida la Joe lililofika sokoni Molo lilikuwa na uwezekano mkubwa wa kufungia njugu. Bei ndiyo iliyomfanya mchuuzi aliweke mbali na mvua. Sisi wa idara za fasihi hatukufanya hata hilo. Tulijadili fasihi pendwa kwa muda mrefu, tukiuliza kama inastahili kuitwa fasihi, na wakati tukijadili karatasi zilikuwa zinaliwa na mchwa. Sheria ya Vitabu na Magazeti ya Kenya inamtaka mchapishaji kuwasilisha nakala mbili kwa msajili. Sheria haimlazimishi mhadhiri kwenda kuzisoma.

Wakusanyaji wa hati za tenzi nao walizihamisha matini. Karatasi za Taylor, aliyefanya kazi Mombasa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, ziko London pamoja na zile za Hichens, na msomi wa Lamu anayezihitaji sharti apande ndege au aombe picha zake. Lakini walizinakili na kuzifafanua, na majina ya waliowasaidia, ingawa si yote, yalihifadhiwa. Allen alizipeleka hati alizozikusanya katika miaka ya 1960 kwenye maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Mkusanyaji wa pichadithi hana daftari la aina hiyo.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, iko katika uteuzi. Soko hili linataka kitu chenye jalada, chenye nambari ya toleo, kinachoweza kufungwa peke yake. Juha Kalulu hakuwa na jalada. Aliishi kama ukanda wa picha ndani ya gazeti la siku, na gazeti la jana halina mnunuzi. Hakuna anayefunga Taifa Leo kwa plastiki. Vitabu vya Kiswahili vya Sasa Sema, ambavyo Abunuwasi wa Gado, wa mwaka 1996, ni mfano wake mashuhuri, vimewekwa na mchuuzi wetu miongoni mwa vitabu vya ziada vya shule ya msingi, kwa sababu tu ni vya Kiswahili. Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 kwa Sheng na kugawiwa bure ndani ya Daily Nation, limekaa chini ya meza kama karatasi. Kilichopanda juu ya rafu, ndani ya plastiki, ni Kiingereza: Spearman na Joe.

Ikiwa mtafiti wa mwaka 2060 atategemea kile ambacho soko limekiokoa, atahitimisha kwamba pichadithi ya Kenya ilikuwa utanzu wa Kiingereza wenye majalada ya kupendeza, uliosomwa na watu wasioandika chochote pembeni. Hatakuwa amedanganywa na mtu. Atakuwa amesoma kwa uaminifu ushahidi uliobaki.

Toleo la Joe hatukulinunua. Kwa mwanamke auzaye njugu karibu na stendi, hata hivyo, palikuwa na lundo la magazeti ya Taifa Leo aliyoyanunua kwa kilo, naye alikubali kutuuzia lote kwa bei ileile ya kilo, akishangaa. Tulipolipekua tulipata vipande kadhaa vya Juha Kalulu. Kimoja kimepakwa rangi kwa penseli za mtoto, shati la Juha likiwa la kijani. Kingine kimekatwa katikati kwa makasi, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na fumbo la maneno na mtu alitaka kulituma. Picha mbili za kwanza zipo: Juha anagonga mlango, na mlango unaanza kufunguka. Nusu ya pili hatujaipata.