Uwanja wa Nangwanda: mpira wa Mtwara, mapato ya nani?

Tangu Septemba 2023, Tanzania, Kenya na Uganda zilipopewa uenyeji wa AFCON ya 2027, habari za viwanja zimekuwa za Arusha, unakojengwa uwanja wa watazamaji 30,000, pamoja na Dar es Salaam na Zanzibar. Mtwara haimo kwenye hesabu hiyo. Yenyewe ina Nangwanda Sijaona, na ugomvi wake wa zamani ambao hakuna aliyeumaliza.

Jina ni la Lawi Nangwanda Sijaona, waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere na kiongozi wa Umoja wa Vijana wa TANU. Umoja huo ndio uliosimamia Operesheni Vijana ya mwaka 1969, iliyopiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Sijui wangesemaje leo kuhusu jezi za wachezaji wetu.

Uwanja ni mali ya CCM, kama Sokoine wa Mbeya, Majimaji wa Songea na Kirumba wa Mwanza. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, wapinzani waliuliza swali ambalo bado linaulizwa: mali zilizopatikana wakati chama na serikali ni kitu kimoja, na mwananchi akichangia bila kuwa na chama kingine cha kuchagua, zinabakije za chama kimoja? Desemba 2017 Rais Magufuli, akiwa Mwenyekiti wa CCM, aliunda tume chini ya Dk. Bashiru Ally kuhakiki mali za chama. Tume ilikabidhi ripoti Mei 2018 na Bashiru akawa Katibu Mkuu mwezi huohuo. Viwanja vilibaki palepale.

Umiliki huo una tafsiri ya fedha. Katika taarifa za mapato ambazo TFF ilikuwa ikizitoa baada ya mechi miaka ya 2013 na 2014, VAT ya asilimia 18 na gharama za tiketi zikishakatwa, mwenye uwanja alichukua asilimia 15. Yaani mechi ikibakiza shilingi milioni 20, milioni tatu ni za uwanja. Kwa Mtwara, hizo zinaingia ofisi ya chama, wakati manispaa ndiyo inayozoa taka kesho yake.

Lakini fedha nyingi za mechi hazipiti getini. Msimu wa 2014/15 Ndanda FC ya Mtwara, Wana Kuchele, walipanda Ligi Kuu. Ilikuwa mwaka mmoja tu na kitu baada ya ghasia za Mei 2013 kuhusu bomba la gesi, na mji ulipata jambo jingine la kupigia kelele. Simba au Yanga walipokuja, gesti za mjini zilijaa, bodaboda hawakulala, mama lishe walipika masufuria mawili zaidi. Watu walitoka Nanyamba, Newala na Masasi. Wengine Msimbati na Kilambo, kule Mto Ruvuma unakoingia baharini. Mechi ilipoangukia msimu wa korosho, mkulima aliyelipwa alilala mjini badala ya kuwahi gari la jioni.

Ndiyo maana kilichotokea Mei 2016 kiliuma. Yanga walikuwa wameshatwaa ubingwa na ratiba iliwataka waje Mtwara. Ndanda wenyewe wakaiomba TFF mechi hiyo ya nyumbani ichezwe Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na TFF ikakubali. Yanga wakakabidhiwa kombe mbele ya watu wao. Hesabu ya klabu ilieleweka: Dar ina watu wengi wa kulipa kiingilio, na klabu ya mkoani hufika mwisho wa ligi ikiwa na madeni ya mishahara. Ila mama lishe wa Mtwara hakuombwa ridhaa. Mwenye gesti hakuulizwa. Hata CCM Mtwara ilikosa mgao wa uwanja. Bomba la gesi lilikuwa limezinduliwa Oktoba 2015 kupeleka gesi ya Mnazi Bay Dar es Salaam; miezi saba baadaye mpira nao ukafuata njia hiyohiyo, safari hii kwa ombi la wenyewe.

Ndanda walishuka mwisho wa msimu wa 2019/20. Kilele cha mpira wa kusini kikahamia Ruangwa, kwa Namungo na Uwanja wa Majaliwa. Mwaka 2020 Namungo walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, wakafungwa na Simba 2-1, wakapata tiketi ya Afrika na kufika hatua ya makundi. Mechi zao za nyumbani za kimataifa? Dar es Salaam.

Serikali nayo, ilipoondoa VAT kwenye nyasi bandia mwaka 2021, ilianza na viwanja vya majiji. Mtwara ni manispaa.

Kuinyang'anya CCM uwanja ni kesi ya miaka, na sioni nani ataishinda. Kuna njia fupi. Manispaa ya Mtwara-Mikindani na CCM Mkoa wakae, wasaini mkataba wa kuuendesha uwanja pamoja, manispaa ipate mgao wa kutunza nyasi na vyoo, na hesabu ya kila mechi ibandikwe getini ili aliyelipa kiingilio aisome.