Daftari za Yangambi na hesabu ya msitu wetu

Siku hizi mataifa yanatuuliza sisi watu wa Kongo neno moja: Miti mnayoikata na kuichoma kila mwaka inatia kaboni kiasi gani hewani? Ulizo hili si jepesi. Tutaeleza kwa ufupi namna nchi yetu ilivyojifunza kulijibu, na kwa nini haifai kuwaachia wageni jibu hilo.

Historia yenyewe yaanza Yangambi, penye ukingo wa kuume wa mto Kongo, karibu kilometa 100 chini ya Kisangani. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, shirika la kuchunguza kilimo, na Yangambi pakawa makao yake makubwa. Kaboni hawakuifikiri; walitafuta mawese, kahawa na mpira. Lakini walikuwa na desturi ya kuandika. Tangu 1937 hata 1958 miti karibu 2000 ilitazamwa juma kwa juma, na daftarini wakatia alama: huu umechanua, huu umezaa, huu umepukutisha majani. Mwaka 1958 ndege zilipiga picha za msitu toka juu. Leo wataalamu wanalinganisha picha zile na za sasa, wajue msitu umepungua wapi na umeota tena wapi.

Kisha ukaja uhuru wa 1960, na vita ya 1964 katika Kisangani, uliokuwa ukiitwa Stanleyville. Mambo mengi yaliharibika. Walakini mvua na joto viliendelea kupimwa Yangambi. Hesabu ya 1960 hata 2020 ilichapishwa mwaka 2023, nayo yaonyesha kwamba joto limezidi.

Sasa tuangalie hesabu ya kaboni. Ina sehemu mbili. Ya kwanza: hekta ngapi zimekatwa? Hilo huonekana toka juu, maana tangu 1972 satelaiti za Marekani zinaipiga dunia picha. Ya pili: hekta moja inashika kaboni kiasi gani? Hapo lazima mtu aingie msituni kwa miguu. Apime unene wa kila mti, sentimeta 130 toka chini. Ajue kutofautisha limbali na afromosia. Ajue na uzito wa ubao wake. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Sehemu ya kwanza mtu aweza kuifanya akikaa Ulaya. Ya pili haiwezekani pasipo wenyeji waliofundishwa.

Mwaka 2013, katika mji wa Warsaw, mataifa yalipatana: nchi itakayo kulipwa kwa kuhifadhi msitu lazima iwe na hesabu ya msingi na utaratibu wa kuuangalia msitu wake. Kongo ilipeleka hesabu yake kwa Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Gent na INERA, mrithi wa INEAC, walisimamisha Yangambi mnara wa meta 55, upime kaboni inayoingia na kutoka msituni.

Je, jambo hili lamhusu nini mkulima wa Tshopo? Lamhusu sana. Akifyeka mahali palipolimwa zamani na kupumzishwa, picha ya juu yaweza kupadhania msitu mkubwa. Lakini vichaka vile vina kaboni kidogo kuliko msitu wa kale. Hesabu ikikosewa, mtu huyu mwenye shamba la muhogo atashitakiwa kosa kubwa kuliko alilolitenda. Tena fedha zitagawanywa kwa kufuata hesabu ile ile. Basi hesabu ni jambo la haki, si la elimu tu.

Kila paroko ajua kwamba kitabu cha ubatizo kisichoandikwa miaka 10 hakiwezi kujazwa baadaye kwa kukisia. Na msitu ni vivyo hivyo. Mnara waweza kujengwa kwa fedha za wageni katika miezi michache. Lakini mpimaji mwaminifu, anayerudi penye mti ule ule mwaka baada ya mwaka, hulelewa polepole, naye hahitaji mashahara wa mwaka mmoja tu. Sisi tulio karibu na vijiji tuwaeleze watu kwa nini wapimaji wanakuja na kamba zao, na vijana wenye akili ya hesabu tuwahimize waishike kazi hii. Daftari ikiwa mikononi mwetu, tutajibu wenyewe tutakapoulizwa.