Damu ya bahati mbaya nayo ina deni

Septemba 10 ni siku nzito Unguja na Pemba. Ndiyo siku MV Spice Islander I ilipozama mwaka 2011 karibu na Nungwi, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakapotea. Tangu siku ile neno linalosikika sana ni "kudra". Kudra ni kweli, ila dini haikuishia hapo.

Taurati iliweka miji 6 ya kumhifadhi aliyeua bila kukusudia, kama mkata kuni ambaye shoka lilimchomoka mpinini. Qur'ani, Suratun-Nisaa aya ya 92, ikamtaka aliyeua kwa makosa atoe diya, yaani fidia ya damu, kwa wafiwa, ila wakisamehe, tena atoe kafara: kumwacha huru mtumwa muumini, au, asipompata, kufunga miezi 2 mfululizo.

Kisa kinachoonesha uzito wa jambo hili kimepokewa katika Musannaf ya Abdul-Razzaq. Sayyidna Umar, akiwa khalifa, alituma watu wamwite mwanamke aliyesemwa vibaya mtaani. Mama wa watu alikuwa mjamzito. Njiani hofu ikamshika, uchungu ukamjia, akaingia nyumba ya watu akajifungua. Mtoto akalia mara mbili, akafa.

Umar akawauliza masahaba. Baadhi wakamwambia hana deni lolote, yeye ni mtawala anayetia watu adabu. Sayyidna Ali alikuwa kimya. Alipoulizwa, akasema kama hayo ndiyo maoni yao, wamekosea. Na kama wanamfurahisha mkubwa, hawakumnasihi. Akamwambia Umar: "Diya ni juu yako, kwa kuwa wewe ndiye uliyemtisha." Umar akakubali, akaamuru ndugu zake wa Kikureshi wachangishwe.

Imam Nawawi aliingiza hukumu hiyo katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani yetu mpaka leo. Katika madhehebu ya Shafi, diya ya kuua kwa makosa ni ngamia 100, na ndugu wa upande wa baba huibeba kwa miaka 3. Hata aliyechimba shimo njia ya watu bila haki anadaiwa diya ya atakayetumbukia akafa.

Leo mahakama za kadhi zinasikiliza ndoa, talaka na mirathi. Mlango wa diya umebaki darasani, na wafiwa wengi huishia kupewa rambirambi. Hii ni aibu yetu. Masheikh wauteremshe mlango huo mimbarini, ili nahodha, dereva na mwenye chombo wausikie kabla ya safari, si baada ya matanga.