Madhabahu ya Ushindi na Hazina ya Roma

Mwaka 29 KK, baada ya kuwashinda Antonius na Cleopatra, mtawala ambaye baadaye aliitwa Augustus aliweka katika ukumbi wa Seneti mjini Roma sanamu ya Victoria, mungu wa kike wa ushindi, pamoja na madhabahu ambapo maseneta walifukiza ubani kabla ya kikao. Kaisari Constantius II, aliyekuwa Mkristo, aliiondoa madhabahu hiyo mwaka 357. Ikarudishwa baadaye, kisha kaisari Gratianus akaiondoa tena mwaka 382.

Hatua ya Gratianus ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa alizifutia ibada za kale ruzuku ya serikali na kuwanyima mabikira wa Vesta, yaani makuhani wanawake waliolinda moto mtakatifu wa dola, haki ya kurithishwa ardhi kwa wosia. Dini ya Kirumi haikuwa imani ya moyoni tu, bali huduma iliyotolewa kwa niaba ya umma, na kwa sababu hiyo sadaka isiyogharamiwa na umma ilipoteza maana yake hata kama matajiri wangekuwa radhi kuilipia.

Symmachus, aliyekuwa mkuu wa jiji la Roma, alilielewa hilo vyema. Mwaka 384 alimwandikia Valentinianus II, kaisari aliyekuwa na umri wa miaka 13 hivi, akiomba madhabahu na ruzuku virudishwe, na akadai kwamba njaa ya mwaka uliotangulia ilitokana na kunyimwa makuhani haki yao. Ambrosius, askofu wa Milano, alimwonya kijana huyo kwamba akikubali hatapokelewa kanisani, kisha akajibu kuwa Wakristo walikua katikati ya mateso na ufukara, ilhali ibada za wapinzani wao hazikuweza kusimama bila mapato. Hoja hiyo ilikuwa kali, ingawa Kanisa nalo lilikuwa limepewa mashamba na majengo na kaisari Constantinus, na makasisi wake walikuwa wamesamehewa utumishi wa lazima wa miji.

Ombi lilikataliwa. Kaisari Theodosius alipopiga marufuku sadaka na watu kuingia mahekaluni mwaka 391, sheria yake mjini Roma ilikuta ibada ambazo kwa miaka tisa hazikuwa zimepata fedha za hazina. Na mwaka huohuo Symmachus, ambaye hakuificha dini yake ya kale, alikuwa konsuli, cheo cha heshima kubwa kuliko vyote ambacho raia angeweza kupewa na kaisari.